Chombo hiki ni cha nani?

Maneno haya niliyasema mbele ya wazee, wazazi na vijana wa mtaa wetu hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokuwa dago, kwenye kambi za uvuvi za mbali, siku ile, na kwa jamaa zetu walioko Mjini, Dar es Salaam na Muscat ambao wameniomba.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi watoto mliokaa mchangani huko mbele, nakushukuruni kwa kuja. Leo ni maji mafu, bahari haipwi sana wala haijai sana, na ndiyo maana tumeichagua siku hii. Ingekuwa bamvua, siku za maji makubwa, nusu yenu msingekuwapo hapa: mngekuwa mashambani kwenye mwani, au mwambani mnachokoa pweza, au mngekuwa nje ya mlango wa mwamba na ndoana zenu.

Geukeni mtazame vyombo vilivyokaa mchangani. Ngalawa zile, mitumbwi, mashua, na ile boti ya faiba ya kikundi. Nikimuuliza mtoto yeyote hapa, "Ngalawa ile ya nani?", atanijibu bila kufikiri: ya baba fulani, ya ami fulani, ya babu fulani. Hatakosa hata moja. Sasa nakuulizeni nyinyi watu wazima, na naomba mfikiri kabla ya kujibu. Chombo hiki ni cha nani?

Nimekuja kusema jambo moja. Chombo kidogo cha pwani si cha mtu mmoja. Kinaundwa na nyumba nzima, kinatunzwa na nyumba nzima, na kikichelewa kurudi inakesha nyumba nzima. Ikiwa ndivyo, nyumba nzima ina haki ya kukijua, haki ya kukisemea, na haki ya kutoka salama ndani yake.

Najua wazee mna methali mkononi, mnangoja nimalize mnijibu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kweli kabisa. Upepo ukigeuka ghafla pale mlangoni, wimbi linavunja kulia na kushoto, mmoja tu ndiye aseme "legeza demani", ile kamba ya tanga, na wengine watii. Sibishani na hilo. Baharini nahodha ni mmoja. Lakini chombo hakiko baharini saa zote. Kinaingia nyumbani kila siku, kwenye hesabu ya unga, kwenye deni la dukani, kwenye dua ya bibi baada ya magharibi. Na huko nyumbani, jamaa zangu, nani kasema nahodha ni mmoja?

Nianze na kamba.

Mama yangu alikuwa msokotaji wa kamba, na wengi wenu mama zenu na bibi zenu walikuwa hivyo hivyo. Watoto wa leo wanaona kamba za nailoni dukani, hawajui kwamba pwani hii yote, kuanzia Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu mpaka juu huko, ilikuwa ikitoa kamba kwa mikono ya wanawake. Makumbi ya nazi yanabebwa kichwani, yanashushwa pwani maji yakipwa, yanafukiwa kwenye mashimo na kukandamizwa kwa mawe. Yanakaa humo miezi, chumvi na maji yanafanya kazi yake, mpaka nyama ya kumbi inaoza na nyuzi zinabaki. Halafu yanafukuliwa. Mliowahi kufukua makumbi mnaijua harufu yake, inakaa kwenye kanga hata ukifua. Yanapondwa, yanasuuzwa, yanaanikwa, na huo usumba unasokotwa mapajani, uzi kwa uzi, mpaka kamba inapatikana.

Kamba hiyo ilikwenda wapi? Ilifunga matengo ya ngalawa. Ilishika nanga. Ilifunga foromali, mti wa tanga, kwenye mlingoti. Ilifunga madema ya kutegea samaki. Mume alipokuwa nje ya mwamba na kusi inamvutia kwake, kilichomshika asichukuliwe ni kamba aliyoisokota mkewe akiwa amekaa kwenye baraza, huku ananyonyesha.

Kuna waliotangulia zaidi. Mitepe ya Wabajuni, huko visiwa vya Lamu, iliyokuwa ikisafiri pwani yetu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, haikupigwa msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za mnazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mkeka! Nakuulizeni mama zangu mnaosuka ukili mpaka leo: mikeka pwani yetu anasuka nani?

Basi tuseme kamba za makumbi zimepita wakati wake. Nailoni ni nyepesi na haiozi. Lakini fedha za nailoni zinatoka wapi? Ngalawa ya mwembe leo si kitu rahisi, kwa sababu miembe mikubwa yenye gogo la kutosha imeadimika kisiwani. Mtu akitaka kuunda chombo, au kununua mashine, au kubadilisha nyavu, mara nyingi fedha ya mwanzo si ya baharini. Ni ya upatu. Mwanamke ameucheza upatu mwaka mzima kwa fedha za mwani na za vileja, zamu yake imefika, fedha imekwenda kwenye chombo. Au ni bangili zimeuzwa. Au ni mbuzi wa bibi. Nani hapa haijui habari hii? Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu ni ya kwenu.

Halafu chombo kinaanza kuleta. Mnajua tunavyogawa. Mafuta na chambo hutolewa kwanza, kisha kinachobaki kinapigwa mafungu. Chombo kina fungu lake. Nyavu zina fungu lake. Mashine ina fungu lake. Kila baharia ana fungu lake. Mgawo huu ni wa haki, wameupanga wazee kwa busara, na umezuia ugomvi mwingi hapa mchangani. Mimi nauheshimu. Nauliza tu: mashine inapata fungu, chuma kile kisichokula wala kuumwa. Mwenye bangili anapata fungu gani?

Siombi wanawake wapewe fungu la kila samaki. Naomba kitu kidogo kuliko hicho, na kigumu kuliko hicho: liandikwe. Likiandikwa daftarini kwamba chombo hiki kimetiwa kiasi fulani na mke, kiasi fulani na mama, basi siku ya talaka, siku ya msiba, siku ya kuuza, kuna neno la kushika. Nimewaona wajane wawili watatu katika maisha yangu, ndugu wa marehemu wamekuja wakachukua ngalawa, na yeye hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba nusu ya ubao ule ni jasho lake. Mirathi ina hukumu zake, na kadhi anazijua kuliko mimi. Lakini mali ya mke si mirathi ya mume. Kadhi atajuaje kuwa ni yake, kama hakuna aliyeandika?

Na jambo hili lina haraka sasa. Serikali, katika sera yake ya Uchumi wa Buluu, imekuwa ikigawa boti za faiba kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani. Boti inapofika kijijini, katiba ya kikundi inasemaje? Nani anashika funguo za mashine? Nani anaweka saini benki? Tusingoje ugomvi ndipo tuulize. Tuulize leo, na boti ile imekaa pale inatusikiliza.

Jambo la pili ni saa.

Wageni wanaokuja huku hutushangaa. Wanasema, hawa watu leo wanakwenda pwani saa 2, kesho kutwa saa 4, wiki ijayo hawaendi kabisa. Wanadhani hatuna utaratibu. Tuna utaratibu mkali kuliko wa ofisini, ila mwenye kuupanga ni mwezi. Mwezi ukiandama, na ukifika siku ya 14 na 15, ni bamvua. Maji yanapwa mnamo saa 4 asubuhi mpaka mtu anatembea kwa miguu hadi karibu na mwamba, na yanajaa mnamo saa 10 alasiri mpaka yanagusa mizizi ya minazi. Tofauti ya kupwa na kujaa inafika karibu mita 4. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50, mpaka yanafika maji mafu, kama leo, hayendi mbali wala hayaji karibu.

Saa hiyo ndiyo inayoendesha nyumba zetu. Chakula kinapikwa kufuata maji. Nguo zinafuliwa kufuata maji. Harusi tunazipanga maji mafu, na kama yupo anayepanga harusi siku ya bamvua kuu basi ajue watu watachelewa. Mwanamke anatoka kwenye mwani kanga imemganda mwilini, anakimbilia kupika. Mume anashuka chomboni, anakuta moto ndiyo kwanza unawashwa, anakasirika. Wallahi nyumba nyingi hapa hugombana siku za bamvua kuliko siku nyingine, na wanaogombana wanadhani wamechokana. Hawakuchokana. Wote wawili wamekuwa na ajira moja saa moja, na hakuna aliyebaki jikoni. Mwenye macho alione hilo, na siku za bamvua, kijana wa kiume wa miaka 14 ajue kusonga ugali na kutia nazi kwenye samaki. Haitamwondolea uanaume wake. Chomboni dagoni nani anapika? Si wanaume? Mbona huko mnapika vizuri sana?

Na mtoto je? Mwalimu yeyote wa skuli ya pwani atakuambia, bila kutazama kalenda, leo ni bamvua, kwa kuhesabu madawati matupu tu. Wasichana wamekwenda kufunga mwani na mama zao. Wavulana wamekwenda kukokota madau na kupewa samaki wa kitoweo. Nilifundisha skuli miaka mingi, na sikuwahi kumlaumu mzazi moja kwa moja, kwa sababu najua njaa ya nyumba haisubiri kengele. Lakini mzazi anayemtoa mtoto mara moja kwa mwezi na mzazi anayemtoa kila bamvua hawako sawa. Bamvua ziko mbili kila mwezi, siku kadhaa kila moja. Hesabuni wenyewe mtoto anakosa nini kwa mwaka.

Hili la dago nitalipita haraka, maana wenyewe hawapo. Watu wetu wanakwenda dago, kama walivyokwenda wazee wao. Wakojani wa Pemba wanajulikana kwa kazi hiyo pwani nzima, hakuna bandari ndogo utakayofika usimkute Mkojani. Dago linalisha. Ninachoomba ni kwamba anayetoka aache simu ya mtu mzima wa kule anakokwenda, si yake tu, na aache maneno ya wazi kuhusu deni na matumizi. Mke aliyebaki anakuwa nahodha wa nyumba kwa miezi, na wengi wenu, dada zangu, mmeifanya kazi hiyo vizuri bila kupongezwa na mtu. Leo nakupongezeni, hadharani, mbele ya wazee.

Sasa nifike kwenye lililonileta hasa.

Mwani. Mwaka 1989 ndipo kilimo cha biashara kilipoanza hapa Unguja, na kilianzia kwetu, Paje na Jambiani. Mbegu zilitoka Ufilipino. Wanaume wachache walijaribu, wakaona fedha ni ndogo na mgongo unauma, wakaacha. Wanawake wakabaki, na mpaka leo wakulima walio wengi sana ni wanawake. Mnaijua kazi yenyewe: vigingi viwili, kamba katikati, vikamba vya taitai vya kufungia, mche kwa mche. Wiki 6 hivi unavuna. Unabeba gunia bichi linalochuruzika maji, na ukilianika, kila kilo 10 zinakubakishia kilo 1 na kidogo tu.

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya miguuni. Maji ya magoti, maji ya kiunoni. Mwanamke hakuhitaji chombo wala kuogelea. Lakini maji yale ya magotini yamepata joto. Wenye umri wangu mnakumbuka kotoni, ule mwani mnene wenye bei nzuri, jinsi ulivyokuwa ukistawi hapa hapa mbele. Umekwenda wapi? Ulianza kuparara, ukakatika, ukaoza kwenye kamba. Wataalamu walipokuja walisema yale tuliyokuwa tukiyahisi kwa miguu: maji ya kina kifupi yana joto kupita kiasi, hasa kaskazi. Mwani unataka kwenda kwenye kina, kwenye maji yanayotembea na yenye ubaridi kidogo. Kwenye kina hakuna vigingi, kuna kamba zinazoelea na maboya. Na kwenye kina hapaendwi kwa miguu.

Mnaona tulipofika? Mwanamke wa Jambiani anahitaji chombo. Si chombo cha mumewe, mpaka angoje mume awe na nafasi, maana bamvua ya mwani na bamvua ya ndoana ni moja. Anahitaji chombo anachoweza kukisukuma mwenyewe, kukipiga upondo mwenyewe, kukifunga mwenyewe. Na akianguka majini, anahitaji kujua kuogelea.

Naomba sasa tufanye jambo. Mwenye mtoto wa kiume anayejua kuogelea, inua mkono.

Tazameni. Karibu wote.

Mwenye mtoto wa kike anayejua kuogelea, inua mkono.

Tazameni tena. Tazameni vizuri, msigeuze nyuso.

Watoto hawa wamezaliwa nyumba moja, wamelala wakisikia wimbi moja. Kwa nini mmoja tumempa uhai na mwenzake hatukumpa? Tunaogopa nini? Mavazi? Wasichana wa Nungwi, tangu miaka ya 2010, wamefundishwa kuogelea na wanawake wenzao, mwili wote umefunikwa, na hakuna aliyevunja heshima ya mtu. Dini? Dini ndiyo inayotusukuma. Ni maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Sayyidna Umar, Allah amridhie: wafundisheni watoto wenu kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Hakusema wa kiume peke yao. Na sisi hatuna farasi hapa, tuna bahari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 pekee watu 300,000 hivi walikufa maji duniani. Karibu robo yao ni watoto chini ya miaka 5. Wengi mno, zaidi ya 9 katika kila 10, ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani watu kama sisi. Umoja wa Mataifa umeweka siku maalumu kwa ajili ya jambo hili, tarehe 25 Julai kila mwaka. Na sisi tuna tarehe yetu wenyewe isiyohitaji kuwekwa na mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander, imejaza watu kupita kiasi, safari ya Unguja kwenda Pemba, ilizama nje ya Nungwi. Hapa wamo waliozika. Sitayarudia maumivu yale. Nataka tukumbuke tu waliotoka kwenda kuokoa. Walikuwamo wavuvi wa Nungwi, na vyombo vidogo kama hivi mnavyoviona hapa. Mtu aliyekuwa anaelea juu ya godoro gizani, alipoona taa, aliona taa ya mvuvi. Chombo kidogo kiliokoa watu wa meli kubwa.

Kwa hiyo nasema, chombo kidogo tukipe heshima yake. Majaketi ya kujiokolea yasifungiwe kwenye nailoni nyumbani yasichafuke, yavaliwe. Kama hayatoshi, basi madumu matupu yaliyofungwa vifuniko vizuri na kufungwa kamba, yakae ndani ya chombo, yatamshika mtu mpaka afikiwe. Si badala ya jaketi, lakini si sawa na kukosa kabisa. Upo, ile kata ya kukumba ngama, maji yanayoingia chomboni, uwemo siku zote. Na simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji.

Kuna jambo moja halina gharama hata shilingi. Kusi moja, miaka michache nyuma, ngalawa ya watu wawili haikurudi. Magharibi imeingia, ishaa imeingia, upepo unazidi. Watu wakakusanyika hapa hapa, kila mmoja anasema lake: wamekwenda kusini, hapana wameelekea nje ya mlango, hapana niliwaona asubuhi. Mke wa mmoja wao akatoka kwenye kundi la wanawake akasema, "Mume wangu aliniambia wanakwenda kwenye mwamba fulani, na aliniambia upepo ukiharibika watajikinga upande fulani." Wazee wakanyamaza. Mashua mbili zikatoka, zikaenda moja kwa moja mahali aliposema. Waliwakuta kabla ya usiku wa manane, foromali imevunjika, wanakumba maji kwa zamu, wamechoka lakini hai.

Yule mwanamke hakujua kushika usukani. Alijua habari tu, kwa sababu mumewe alikuwa na desturi ya kumwambia. Wangapi hapa mnawaambia wake zenu mnakokwenda? Na wangapi mnajibu, "Unauliza ya nini, natoka tu"? Mwambie. Mwambie mkeo, mwambie mama yako, mwambie hata mtoto mkubwa: naelekea mahali hapa, narudi na maji haya. Nisiporudi na maji haya, semeni.

Na akikwambia yeye, msikilize. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza upepo mkali na mawimbi, na redio iko jikoni, haiko chomboni. Mara nyingi wa kwanza kusikia ni mke. Akisema leo wametangaza mawimbi, usimwambie, "Wewe unajua nini bahari." Anaijua. Ameisikiliza usiku mzima ukiwa umelala.

Kuna wenzetu waliokwisha kuonyesha kwamba pwani nzima inaweza kukaa kikao kimoja. Kisiwa Panza, huko Pemba, na Kizimkazi hapa Unguja, walifunga sehemu za miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza akue. Pweza anakua upesi mno, maisha yake ni mwaka mmoja na kidogo, na ukimwacha miezi 3 unamkuta mwingine kabisa. Lakini mwamba haufungwi na wenye vyombo peke yao. Ukiwafunga wanaokuja na ngalawa ukawaacha wanaokuja kwa miguu, hujafunga. Ukiwafunga akina mama wanaochokoa kwa miguu ukawaacha vijana wanaozamia na miwani, hujafunga, umewaonea. Lazima wakae wote, wakubaliane siku ya kufunga na siku ya kufungua. Sisi Jambiani tunaweza? Nauliza kweli. Tunaweza kukaa hivyo, mwanamke aseme na mwenye mashua asikilize mpaka amalize?

Naona bado mna shaka, na shaka ni haki yenu. Sikuja kuzishinda shaka zenu leo. Nimekuja na mambo matatu ambayo tumekwisha kuyazungumza na mzee wa mtaa na kamati ya wavuvi, na wamekubali yaanze.

La kwanza, daftari. Litakaa kwa katibu wa kamati. Kila mwenye chombo anayetaka, aje na aliyemsaidia kukipata, waandike kilichotolewa na kila mmoja, waweke saini au dole. Hakuna anayelazimishwa. Boti ya faiba itakuwa ya kwanza kuandikwa, na majina ya wanakikundi yote, wanawake na wanaume, yatasomwa hadharani.

La pili, upondo na usukani. Vijana wawili wa kikundi wamejitolea kuwafundisha kina mama wa mwani kuendesha mtumbwi ndani ya mwamba. Wanaotaka wajiandikishe kwa mwenyekiti wa kikundi cha mwani, yuko pale, ana kanga ya kijani.

La tatu, kuogelea. Jumamosi ya wiki ijayo ni mwezi 15, maji yatajaa mnamo saa 10 alasiri, yatakuwa yametulia ndani ya mwamba. Tutaanza saa 9 na nusu, kabla hayajajaa kabisa. Wasichana wa miaka 8 na kuendelea, pamoja na mama zao wanaotaka. Walimu ni wanawake, na wanaume tunaomba siku hiyo mpumzike upande wa kusini wa pwani. Kila mtoto aje na suruali, fulana ya mikono mirefu, kilemba kinachofungika vizuri, na dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko. Tutaanza kwa kuelea chali, tutamaliza kwa kuelea chali. Mwenye swali aniulize sasa.